Jinsi kijiji chetu cha juu ya Makambako kilivyoachana na lori la moshi kikahamia kwenye baiskeli

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mlioko kwenye baridi kama mimi, vuteni jiko karibu.

Jana nimesoma ule uzi wa bajaji za umeme na hewa ukaa. Watu wamebishana mpaka wakaanza kuitana majina. Mmoja akaandika kwamba haya mambo ya climate change ni ya wazungu na watu wa semina, mwananchi wa kawaida hayamhusu.

Nikasema huyu lazima nimsimulie. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na mengine yalinipata mwilini, kovu la goti ninalo. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi yao wako hai na wajukuu zao wamo humu humu.

Twende.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakaanza kujaa vitu. Mitumba ikaingia, sabuni za harufu zikaingia, na pale Makambako zikaanza kuonekana baiskeli mpya za Kichina zimepangwa nje ya maduka, bado zina makaratasi kwenye fremu.

Mimi nilikuwa binti, nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani kulima njegere na mama. Kijiji chetu kiko juu, unaacha lami ya kwenda Njombe unakata kushoto unapanda. Wenyeji ni Wabena, karibu wote Walutheri, na kila nyumba ina shamba la viazi.

Usafiri wetu ulikuwa mmoja. Lori kuukuu la Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa Makambako aliyetokea Kondoa. Watu waliliita Tanuri.

Wakuu, lile lori lilikuwa na moshi. Likianza kupanda mlima unaliona kabla hujalisikia. Moshi wote ulikuwa unageuka unaingia nyuma tulikokaa juu ya magunia. Kuna bibi harusi mmoja alipanda na shela jeupe, akashuka kanisani na shela la kijivu. Mchungaji alikohoa tu, akaendelea na ibada.

Na lilikuwa linakuja likijisikia. Unachuma njegere, unakaa barabarani, lori halitokei, kesho yake njegere zimeanza kuwa za njano.

Sasa nimlete baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori makubwa, Dar mpaka mpakani Tunduma, maisha yake yote ya kazi. Kampuni ya umma aliyokuwa akifanyia kazi ikapunguza watu, akarudi nyumbani na vitu viwili: kikohozi na redio.

Redio ile ndiyo ilianza yote. Jioni moja tuko jikoni tunakula, mtangazaji akaeleza kwamba moshi wa magari na viwanda unapanda angani, unatanda kama blanketi, unazuia joto lisitoke, na misimu ya mvua inaweza kuvurugika. Akasema miti inasaidia kuunyonya.

Baba aliacha kula.

Akasema, "Neema, umesikia? Blanketi."

Nikamwambia nimesikia.

"Mimi nimelishona lile blanketi kutoka bandarini mpaka Tunduma," akasema, halafu akacheka mwenyewe. Lakini hakumaliza ugali wake, na baba hakuwa mtu wa kuacha ugali.

Kwenye mkutano wa kijiji uliofuata akasimama. Akasema ipo njia ya zamani ya miguu, inakatisha milima moja kwa moja hadi Makambako, fupi kuliko ya gari. Tuisafishe, tuilainishe, tupitishe baiskeli. Mizigo ishuke kwa baiskeli, tusilitegemee tena Tanuri. Moshi utapungua na sisi tutapumua.

Watu walicheka. Jamaa mmoja akasema dereva kukataza magari ni sawa na mchungaji kukataza sadaka. Hata mimi nilicheka, samahani baba.

Lakini akina mama wa kwaya hawakucheka. Wao blanketi la angani halikuwashughulisha, ila waliwaza njegere zao zinazooza barabarani. Walipotoka mkutanoni walikuja nyumbani kwetu, mama yangu akiwa mbele, wakamuuliza baba swali moja: "Hizo baiskeli, na sisi tutaendesha?"

Enzi hizo kwetu mwanamke hakuendesha baiskeli. Hakukuwa na sheria yoyote, ilikuwa tu haijawahi kuonekana.

Baba akasema, "Kama mikono mnayo na miguu mnayo, sioni kinachopungua."

Akaanza na mimi. Uwanja wa kanisa, baiskeli ya kuazima, baada ya ibada, watu wote wanatazama. Alikuwa anashika keria nyuma ananiambia nisitazame tairi, nitazame mbele. Nikatazama mbele, nikauona mti, nikaufuata huo huo mti. Kovu la goti ndilo hilo.

Baadaye wakaja wengine. Walivaa kaptula za waume zao chini ya sketi. Mama yangu alianguka, akainuka, akakung'uta sketi, akasema, "Shikilia vizuri, Baba Neema, unaniachia makusudi." Na kweli alikuwa anamwachia makusudi, ndivyo alivyokuwa akifundisha.

Hela za baiskeli tulichangishana kwa viazi, tukanunua chache za zamu.

Kazi ya njia tukaianza kila Jumamosi. Majembe, mafyekeo, nyimbo. Wanaume waliocheka mkutanoni wakaanza kuja mmoja mmoja, wakidai wanapita tu, halafu wanachukua jembe.

Tukafika kwenye miwati ya Mama Eliza.

Mama Eliza alikuwa mjane, mtu wa maneno machache na makali. Ile miwati, ile miti ya kuni na magome, aliipanda na marehemu mumewe, imesimama vizuri kabisa kwenye mgongo wa kilima. Na njia ya zamani inapita katikati yake, imemezwa na miti.

Tukamkuta amesimama hapo na fyekeo.

"Kamwene," baba akasalimia.

"Kamwene. Mnakuja kufanya nini?"

"Dada, tunatengeneza njia. Ile ya kupunguza moshi."

"Kwa kukata miti yangu?"

"Ni michache tu, ya katikati."

Mama Eliza akamtazama. "Kaka, si wewe uliyetuambia miti ndiyo inayonyonya huo moshi? Au redio yako iliisha betri ulipofika hapo?"

Wakuu, baba alikuwa mtu wa kupenda kushinda mabishano. Nikajua sasa yanaanza.

Akaketi kwenye mpini wa jembe lake. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, Mama Eliza akaagiza aletewe maji.

"Umenipata," akasema alipoweza kusema. "Hapa umenipata."

Lakini kucheka hakukuondoa tatizo. Kuzunguka miwati kulikuwa na maana ya kushuka bondeni na kuvuka kijito. Hapakuwa na daraja. Mvua zilikuwa karibu. Watu wakaanza kununa, wengine wakasema kijiji kizima hakiwezi kukwamishwa na mjane mmoja, ikatwe tu. Jumamosi iliyofuata tulikuja wachache sana, na mimi niliona kabisa mambo yanafia pale.

Siku hiyo Mama Eliza alikuja mwenyewe tulipokuwa. Akatutazama tunavyochimba bila moyo. Akasema, "Daraja mtajengea nini?"

Baba akasema hajui.

"Iko miwati iliyokomaa, pembeni kule, inasubiri kuanguka yenyewe. Nitachagua mimi. Hakuna wa kuchagua zaidi yangu. Na kila mti utakaolala, mtu apande mingine, nitakuja kuhesabu."

Ndivyo tulivyopata daraja. Na kuanzia hapo Mama Eliza ndiye akawa mkuu wa ile njia. Alikuwa anasimamia kazi kuliko baba. Ukipanda mche umeinama anakufukulisha uupande upya.

Hatukuwa tumemaliza pale Mzee Rajabu alipokuja. Tulisikia Tanuri linapanda, likasimama. Akashuka, kofia yake ya kufuma kichwani, akatembea taratibu mpaka tulipokuwa. Kila mtu akasimamisha jembe. Tulijua amekuja kugomba, maana ni riziki yake tulikuwa tunaichimbia kaburi.

"Nasikia mnanizika," akasema.

Baba akajibu, "Tunazika lori, Mzee Rajabu. Wewe bado tunakuhitaji."

Mzee akakaa kwenye jiwe. Akasema, "Niwaambie ukweli. Mlima huu unanila. Kila nikipanda nashuka na kitu kimevunjika. Nilishindwa tu kuwaambia siji tena, ningewaachia nani?"

Sisi tulifikiri anatukamua, kumbe yeye alifikiri anatubeba.

Wakakaa, wakaongea muda mrefu. Mpango ukawa hivi: sisi tutashusha njegere kwa baiskeli hadi stesheni ya Makambako, yeye ataandikisha mzigo kwa jina lake, uende Dar kwa treni ambako ana mnunuzi. Lori la kwenda Dar halitahitajika, na la kupanda mlima halitahitajika.

Ila akatoa sharti. Siku ya kwanza tukichelewa treni, mnunuzi wake anapotea, na yeye hana wa pili.

Siku hiyo ikafika. Alfajiri, ukungu mzito, huoni hata baiskeli ya mwenzako. Mzee Rajabu alikuwa amelala kijijini kwa baba na lori lake, akasema atatufuata kwa barabara, tukikwama atuokoe. Nadhani hakutuamini sana, na simlaumu.

Tukaondoka wanawake peke yetu, mimi mbele, magunia kwenye keria. Ukungu ulikuwa unatulowesha nyusi. Mama alikuwa nyuma yangu anaimba kwa sauti ya chini ili tusipotezane. Tulipofika darajani tulishuka tukasukuma, tunaogopa kuanguka. Magogo ya Mama Eliza hayakutikisika.

Tulipoingia Makambako jua ndiyo linachomoza. Tumewahi. Akina mama walikuwa wanashikana mikono kama watoto.

Treni ikaingia. Mzee Rajabu hayupo.

Karani wa mizigo akasema, na alikuwa sahihi, kwamba mzigo umeandikishwa kwa jina la mtu na mtu huyo lazima asaini. Nikatazama barabara ya Njombe. Hakuna moshi popote. Maisha yangu yote nilikuwa nachukia moshi ule, asubuhi ile nilikuwa nauomba utokee.

Abiria wakaanza kupanda. Mama akakaa juu ya gunia, akakunja mikono.

Ndipo nikasikia kengele. Sio ya treni. Ya baiskeli.

Baba alikuwa anakuja kwa kasi sijawahi kuiona, koti limefunguka, na nyuma kwenye keria amekaa Mzee Rajabu, miguu ameinyoosha pembeni, mkono mmoja umeshika mkanda wa baba na mwingine umeshika kofia.

Tanuri lilikuwa limekataa kuwaka. Walisukuma, wakaomba Mungu kila mtu kwa dini yake, halikuwaka. Baba akachukua baiskeli ya mwisho iliyobaki, akamwambia panda. Dereva wa masafa marefu na tajiri wa lori, wameshuka milima yote ile kwenye baiskeli moja.

Mzee alisaini. Magunia yakaingia. Treni ikaondoka na njegere zetu.

Mzee Rajabu akatutazama akasema, "Mumeo, Mama Neema, kwenye kona hapunguzi mwendo."

Mama akajibu, "Ndivyo alivyo." Halafu tukacheka stesheni nzima ikatugeukia.

Kuanzia hapo njia ilitumika miaka mingi. Mzee Rajabu akafungua sehemu ya kuhifadhi baiskeli na kuuza vipuri karibu na stesheni, akaniambia inamlipa kuliko lori na analala usingizi. Kikohozi cha baba hakikuisha, lakini alikufa mzee sana, na hadi mwisho alikuwa anaenda sokoni kwa baiskeli.

Nilichojifunza ni hiki. Baba alikuwa anafikiria anga. Mama na wenzake walifikiria njegere. Mama Eliza alifikiria miti ya mumewe, Mzee Rajabu alifikiria lori linalomfilisi. Kama tungesubiri wote tukubaliane kuhusu blanketi la angani, mpaka leo tungekuwa tunakohoa juu ya magunia. Kila mtu alikuja na sababu yake, njia ikawa moja.

Sasa nina sababu ya kuandika leo, sio kumbukumbu tu.

Kuna pendekezo kijijini la kuipanua ile njia ipite magari. Wanaotaka wana hoja nzito, mgonjwa mahututi au mama mjamzito humpandishi baiskeli. Wasiotaka nao wana hoja, miti itakatwa na moshi utarudi. Mkutano unakuja, nimeitwa, na kwa mara ya kwanza maishani sijui nitasimama upande gani.

Mlioko milimani, mmefanyaje kwenu? Pikipiki za umeme zinapanda mlima na mzigo kweli au ni maneno ya matangazo? Niambieni mlichokiona wenyewe, nitakibeba kama kilivyo nikakiseme kule.