Mwalimu wa Darasa Asimame

Nakumbuka siku moja ya manyunyu, mwanangu, niliposimama mbele ya jeneza la mwanafunzi wangu nikakosa neno la kweli la kusema. Wewe wiki ijayo unaanza mazoezi ya kufundisha, na tangu juzi nakuona ukipiga pasi mashati na kutafuta picha za kupamba ukuta wa darasa. Vizuri. Lakini keti hapa kidogo, na hiyo simu iweke chini. Haitatoroka.

Nilikuwa na umri kama wako. Chuo kilinipeleka shule moja ya msingi upande wa Kachibora, na kwa vile mwalimu wa darasa la tano alikuwa amekwenda kujifungua, nikaachiwa wanafunzi wake. Walikuwa wengi ajabu, wamebanana kwenye madawati. Aa, nilijitia bidii! Nilichora chati kwenye magunia ya mahindi, nikaandaa masomo yangu kwa unadhifu hata mhadhiri aliyekuja kunitathmini akatabasamu. Majina ya watoto, hayo sikuyashughulikia. Wanaojibu maswali niliwajua. Wengine walikuwa "wewe wa nyuma" na "wewe wa sweta." Muhula mmoja tu, nilijiambia, ya nini kujisumbua? Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kwelikweli.

Kisha mvulana mmoja, Simiyu, akashikwa na homa wikendi, na Jumatatu tukaambiwa ameaga. Baba yake alikuwa amekuja huku Trans-Nzoia kulima tu, kwao ni Sirisia, kule Bungoma, na ndiko alikotaka mwanawe alale. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Madam, wewe ndiye uko na darasa lake. Utaenda na Mwalimu Barasa, useme machache."

Kwetu huku unajua mambo yalivyo. Mtoto wa shule hazikwi kabla mwalimu wake hajasimama akamzungumzia. Diwani akichelewa, mazishi yanaendelea; mwalimu akichelewa, anangojwa. Mzazi anataka kusikia mtoto wake alikuwa nani huko ambako yeye hakuwa akimwona. Hilo ndilo neno la mwisho atakalopata kutoka shuleni, na hakuna lingine.

Tulitoka Kachibora alfajiri, mimi, wanafunzi wachache wa darasa lake na Mwalimu Barasa, naibu wa mwalimu mkuu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Njia nzima niliwaza nitasema nini. Tulipofika, nikaona picha ya mtoto imewekwa juu ya jeneza. Sura niliijua. Zaidi ya sura, sikujua chochote, mwanangu, chochote kabisa.

Mwendesha shughuli akapaza sauti, "Mwalimu wa darasa asimame!" Nikasimama. Nikafanya kile wanachofanya wasiojua: nikasema maneno yanayomfaa kila mtoto. Nikasema Simiyu alikuwa mchangamfu, hodari wa kujibu maswali, na kwamba darasa litaikosa sauti yake nyimboni. Watu wakaanza kutazamana. Wanafunzi wachache waliokuja nasi wakainamisha vichwa. Ndipo mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza, akainua uso.

"Mwalimu, pole nikukatize," akasema polepole. "Mtoto yangu alikuwa na kigugumizi. Hata kuita 'mama' ilikuwa inamchukua muda. Sasa huyu unasema alikuwa anaimba, ni wa nani?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akaongeza, "Na yeye alikuwa anatuambia habari zako kila jioni. Taratibu hivyo hivyo, mpaka amalize. Ati madam yetu ana mwandiko mzuri." Kisha akarudisha uso chini. Ewe mwanangu, niliomba ardhi inimeze.

Mwalimu Barasa akainuka bila kuitwa. Hakunitetea. Alivua kofia, akamgeukia yule mama: "Mama Simiyu, mtoto wako wakati wa mvua alikuwa anangoja pale kwenye kijito chini ya shule. Wadogo wa darasa la kwanza wakifika, anawabeba mgongoni mmoja mmoja, anawavusha. Hakuna mtu alimtuma. Mimi nilikuwa namwona." Basi. Akaketi. Mama akalia kwa sauti, na wanawake wakamzunguka, na sasa kilio kilikuwa cha mtoto wake mwenyewe.

Tukiwa tunarudi, nilimwomba mzee msamaha. Akaniambia, "Usiniombe mimi, binti yangu. Chati zako ni nzuri, nimeziona. Lakini mzazi akifiwa haulizi chati. Anauliza kama ulimwona mtoto wake."

Siku iliyofuata sikufundisha. Nilipita kila dawati nikiuliza: unaitwa nani, unaishi na nani, unapenda nini? Nikafika mahali pa Simiyu. Wenzake walikuwa wamesogea kidogo wakamwachia nafasi yake, na hapo sikuwa na wa kumuuliza. Mengi nimeyasahau tangu nistaafu. Pale mahali patupu bado napaona.

Basi nasaha yangu ni hii, na usinijibu "sawa sawa" haraka hivyo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayenyamaza darasani usimhesabu kwamba hayupo. Jua majina yao kabla hawajayajua ya kwako. Jua nani ana kigugumizi, nani amekuja bila kula, nani analala kwa shangazi. Umpe asiyeweza kusema haraka muda wa kumaliza, hata kengele ikilia. Mhadhiri atakutathmini siku moja aende zake. Watoto wanakutathmini kila siku, na wanakupeleka nyumbani jioni. Usiseme ni muhula mmoja tu. Kwa Simiyu ulikuwa wa mwisho.

Haya, nenda. Mungu akupe macho ya kuwaona na subira ya kuwasikiliza. Akulindie kila mmoja wao, wakuzike wewe, si wewe uwazike wao. Na kama itakupata kusimama pale niliposimama mimi, basi akujalie neno moja la kweli la kumpa mama.