Mkate Ulioonjwa Mpakani

Juma lililopita, kwenye kizuizi cha Tunduma, mama mmoja wa Ihanda alikuwa mbele yangu na mkate mmoja ndani ya kitambaa. Aliuoka mwenyewe kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu, ampelekee binti yake aliyejifungua ng'ambo. Askari akaona majani mabichi ndani yake.

"Hii dawa, mama?"

"Giligilani na majani ya vitunguu, mwanangu. Nimechuma bustanini kwangu."

"Kula nikuone."

Akamega, akala. Askari akasema huenda dawa iko upande wa pili, akamega mwenyewe. Akatafuna polepole, macho juu. "Bado sina hakika," akasema, akamega tena.

Nami nakiri: badala ya kumtetea yule mama, nilisema jambo kama hili linataka shahidi. Nikapewa kipande. Nikasema hata mimi sina hakika.

Mama akafunga robo iliyobaki. "Hii ataionja mzazi," akasema. "Nyinyi hamjazaa."

Askari akafungua kizuizi bila kuinua macho.

Jumapili kanisani, tulipofika pa kuomba mkate wa kila siku, nilinyamaza. Wa kwangu nilikwisha kuula mpakani, na ulikuwa wa mzazi.