Karatasi Aliyokataa Kuitia Sahihi

Mwaka ule jua liliwaka kama lina kisasi na mji. Redioni walisema joto la namna ile halijapata kupimwa tangu vipimo vianze. Mama Pasi hakuhitaji kuambiwa. Miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, na hajawahi kuona kandambili zake zikinata sakafuni.

Madirisha manne ya chumba kile yalikuwa yamepigiliwa misumari. Amri ya meneja, ati vumbi la barabarani linachafua mashuka. Feni ilikuwa moja, kazi yake kuhamisha hewa ya moto kutoka kona hii kwenda ile. Wanawake walipolalamika, meneja, kijana aliyeshinda kwenye kiyoyozi mpaka akavaa sweta, aliwajibu, "Joto ni la Mungu, si la hoteli."

Siku moja mchana, wifi yake Mama Pasi, aliyenyoosha kwenye meza ya pili, alianza kupayuka maneno yasiyoeleweka. Ngozi yake ilikuwa kavu kau, haina tone la jasho. Kabla hawajamfikia, akaanguka kama gunia. Wakammwagia maji, wakambeba kwa shuka la wageni mpaka kwenye teksi, akakimbizwa hospitali.

Jioni meneja akamletea Mama Pasi karatasi. "Mama, tia sahihi hapa kama shahidi. Ni utaratibu tu."

Akaisoma polepole. Imeandikwa kwamba mfanyakazi alizirai kwa kuwa alikuja kazini na njaa.

Damu ikamchemka. "Njaa? Asubuhi hii mimi na wifi yangu tumekula kiporo sahani moja, na yeye ndiye aliyekomba ukoko! Mbona mimi sijaanguka?"

"Mama, tusiyakuze mambo."

"Yeye amelazwa hajitambui, wewe unamzulia njaa! Huna haya, mwanangu?"

Akamrudishia karatasi yake.

Kesho yake alikuja na nyundo ya mumewe, akaanza kung'oa misumari. Meneja akaja mbio, akafoka kwamba atamfukuza. Hapo wanawake wenzake wanane wakazima pasi, mmoja mmoja, wakatoka kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Hakuna aliyepiga kelele. Kufika saa nane wageni wakawa wanaulizia mashuka, na mwenye hoteli akaja mwenyewe. Aliingia mle chumbani, hakumaliza hata dakika tano, akatoka anajifuta shingo. Mama Pasi akamweleza habari ya ile karatasi ya njaa.

"Fungueni yote," alisema. "Na hiyo karatasi iandikwe upya."

Iliandikwa: joto. Wifi alirudi nyumbani baada ya siku tisa, mkono wa kulia ukitetemeka, hawezi tena kushika pasi. Meneja hakuja hata kumpa pole. Wifi na Mama Pasi wanakaa ua mmoja, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mama Pasi humfungia vifungo vya gauni, na kila asubuhi hasira humpanda upya.