Pengo la Kupitishia Uzi

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini majina siyasahau. Asubuhi nikikaa hapa Uthiru, kwenye veranda ya kijana wangu, jua likiwa bado halijapata nguvu, huwa nayataja moja moja kwa sauti ya chini. Mkamwana wangu akipita na ndoo huniuliza, "Mama, unaomba?" Namwambia ndiyo, naomba. Si uongo sana.

Hayo ni majina ya misuko. Nimesuka vichwa vya watu Kenyatta Market tangu nikiwa mama mchanga hadi vidole vilipoanza kuvimba. Kila msuko mpya uliotoka mikononi mwangu niliuita jina la mwanamke aliyekuwa ameketi kati ya magoti yangu siku ulipotoka. Mwingine akiuona barabarani alikuja kuniambia, "Mama, nataka kama ya yule," nami nilimtajia jina. Sitayaandika hapa. Wengine wako hai, wengine wametangulia, na jina la mtu huitwa kwa mdomo, halianikwi kwenye karatasi kama mboga. Ila nitasema hili: nikiyataja yote hadi mwisho, moja halimo. Ni la binti yangu.

Zamani hatukuwa na chumba. Tulikuwa na benchi, mimi na mwenzangu, mama mmoja Mkikuyu aliyezaliwa Dagoretti kabla lami haijafika. Benchi lilikuwa nje ya vibanda, upande ambao moshi wa nyama choma haukutufikia sana, na mteja aliketi chini kwenye kreti ya soda tuliyoitandika gunia. Nilikuwa nakaa Kawangware. Nilikuja kwa miguu, nikatokea Ngong Road, nikapita Adams Arcade maduka yakiwa bado yamefungwa, na kila mwanamke aliyetembea mbele yangu nilimsuka kwa macho mpaka njia zikatutenganisha.

Sasa, mimi ni mtu wa magharibi. Kwetu, enzi za utoto wangu, mtoto akifika umri fulani alikuwa anang'olewa meno ya mbele ya chini. Shangazi alinishika kichwa, mzee akafanya kazi yake, manne yakatoka. Kwetu asiye na pengo ndiye aliyechekwa, akaambiwa ana mdomo wa punda. Nairobi ikawa kinyume. Siku ya kwanza mwenzangu wa benchi aliponiona nikicheka, aliniuliza, "Wewe mwanamke, huko kwenu mlikuwa mnakula nini, mawe?"

"Kuku," nikamwambia. "Kuku wa kwetu ni wagumu, lakini hatuwaachi."

Alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Na hilo pengo ndilo lililokuwa chombo changu cha kazi. Kusuka kwa uzi kunataka mkono wa tatu, wa kushika ule uzi uliobaki usijikunje. Wenzangu waliubana kidevuni au chini ya goti. Mimi niliupitisha penye pengo, ulimi ukaushika kwa nyuma, ukawa unakazika na kulegea nitakavyo, mikono yote miwili ikabaki huru. Mwenzangu alikuwa anawaambia wateja, "Huyu msimuone hivi, hiyo pengo yake ni mashine." Mdomo wenye uzi hauwezi kusema, lakini unaweza kuvumisha. Nilivumisha nyimbo za kanisani bila maneno, kutoka kichwa hadi kichwa, hadi jioni.

Msuko ulikuwa unatoka wapi, sijui kueleza. Nilikuwa naweka mkono kichwani mwa mtu, napapasa kwanza pole pole, kisogo, nyuma ya masikio, utosi, naanza kuvumisha, na baada ya muda naona mstari umekata kona ambayo sikuipanga. Mmoja ulifuata vile maji yanavyoshuka shambani kwetu baada ya mvua. Mmoja ulifanana na mahali kuku wamechakura. Sikuwa nafikiria mdomo wangu. Sikuwa nafikiria nyayo zangu zilizopasuka, wala Kiswahili changu cha kijijini. Nilikuwa nimekaa ndani yangu kama mtu aliyekaa jikoni kwake, anayejua chumvi iko wapi bila kugeuza kichwa.

Kila Jumamosi tukikunja gunia mwenzangu aliniuliza, "Wiki hii umezaa nani?" Nilimtajia jina, na kama msuko ulikuwa haujakwisha alikataa kulipokea. "Mtoto haitwi jina akiwa tumboni. Funga fundo ya mwisho kwanza." Hiyo ikawa sheria yetu. Msuko hauna jina mpaka fundo la mwisho lifungwe.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili alipokuja sokoni na wenzake wawili wa shule, wamevaa sare, wamepita kunisalimu. Mwenzangu alikuwa ametoka kusema mambo ya mchungaji wao na mbuzi wa harambee, na mimi nikawa nacheka mdomo wazi, uzi umening'inia. Niliwaona wale wasichana wakinitazama mdomoni, kisha wakatazamana. Jioni, nyumbani, binti yangu alikuwa anamenya viazi. Aliongea bila kuinua macho.

"Mama, wakikuja tena, si ucheke kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Bila kufungua."

Sikumlaumu. Mtoto wa miaka kumi na mitano akiwa kati ya wenzake ni kama yai kwenye kapu, anaogopa kila mtikisiko. Lakini niliweka akiba kidogo kidogo, nikaenda mjini kwa fundi wa meno, ghorofa ya juu huko River Road, akanipima kwa nta na kunitengenezea manne meupe kuliko yangu. Nilipendeza. Niseme ukweli, nilipendeza. Binti yangu aliniangalia, akanishika shavu, akacheka. Siku hiyo niliona kazi imefanyika.

Ila uzi ukakosa njia. Niliufunga kwenye kifungo cha blauzi, ukawa unakatika. Kuvumisha pia niliacha, maana nikivumisha yale meno yalicheza, nami niliogopa yataanguka kichwani mwa mteja. Nikawa nafunga mdomo siku nzima. Na mteja alipoketi, badala ya kupapasa kichwa chake, nilikuwa namchungulia kama ananichungulia. Wakati huo tulikuwa tumeingia ndani, kwenye kachumba chenye kioo kikubwa na picha za misuko ukutani. Mteja alinyoosha kidole kwenye picha, nami nikasuka ile picha. Mistari ilinyooka. Hakuna aliyelalamika. Wengine walisema nimeendelea.

Jumamosi ikafika. "Umezaa nani?"

"Hakuna."

Nyingine, hakuna. Nyingine tena, hakuna. Mwisho mwenzangu akaweka kitana chini, akaniambia, "Wewe si mgumba. Ni hayo meno. Umeuvalisha mdomo, yakaziba mikono."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ana meno yake yote, ndiyo maana anayatumia kuniuma. Aliangalia chini, akachukua mkoba wake, akaenda. Tuliendelea kufanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukigawana chai na mandazi, lakini lile swali la Jumamosi hakuliuliza tena. Miguu yake ilipokataa alibaki kwake Dagoretti, na huko akapumzika milele. Ningetoa nini leo niulizwe mara moja tu.

Binti yangu aliolewa katika miaka hiyo hiyo. Alitaka nimsuke mimi, si mtu mwingine. Aliketi kati ya magoti yangu Ijumaa nzima, na mimi nikabandika mbele yangu picha niliyoikata kwenye kalenda, bibi harusi wa kalenda, nikahesabu mistari yake na kuipanda ile ile kichwani mwa mtoto wangu. Nikamaliza. Alijiangalia kwenye kioo, akajigeuza huku na huku.

"Asante, mama. Imetoka tu vile picha iko."

Alisema kwa upendo. Lakini nililisikia lile neno, na mpaka leo nalisikia. Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, alianguka kwenye jiwe la kusagia akiwa anatambaa. Mstari wa ile picha ulipita juu ya kovu, ukaliacha wazi. Bibi harusi wa kalenda hakuwahi kuanguka kwa jiwe la mamangu.

Mwaka uliofuata yeye na mumewe walihamia nje, ng'ambo, mahali kwenye theluji. Nikampata kwenye simu, na simu haionyeshi kichwa. Inaonyesha paji la uso, pua na dari ya nyumba yao. Miaka ikaenda. Niliacha kazi, nikahamia hapa kwa kijana wangu. Fizi zikanywea, meno yakawa makubwa kuliko mdomo, nikawa nayavaa kwenda kanisani tu, na wageni wakija.

Mwaka huu binti yangu alikuja, wiki tatu. Niliyavaa kila siku. Wageni walijaa, mara shangazi, mara majirani, mara watu wa kanisa, hatukupata nafasi ya kukaa sisi wawili. Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, alikuja kwenye veranda na kigoda, akakiweka mbele yangu, akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zilikuwa zimejaa, zimechanganyika na mvi.

"Nimeacha zikamea mwaka mzima," akasema. "Sijapeleka kwa mtu. Taxi inakuja saa kumi."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nikamwambia alete kopo langu la nyuzi chini ya kitanda. Akaketi. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, magoti yake yanalia kama yangu.

"Unataka ya namna gani?"

"Yoyote."

Nikaanza ile ninayoijua, mistari ya kurudi nyuma, iliyonyooka. Nikakunja mdomo, nikakaza. Meno yakawa yanagonga, ka, ka, ka.

"Mama, nini hiyo inalia?"

"Meno."

"Si utoe."

"Niko na mgeni."

"Mgeni ni nani, mimi?" Akageuka akaniangalia. "Kwanza uliyaweka ya nini?"

"Ya kula mahindi."

Hakucheka. Aligeuza uso tena mbele, nikarudi kwenye mstari wangu. Kisha akasema, akiwa ameangalia miguu yake:

"Ni mimi nilikwambia usicheke."

Mikono yangu ikasimama. Miaka hiyo yote nilidhani amesahau. "Ulikuwa mtoto."

"Na ukaacha."

"Nikaacha."

Hakuomba msamaha, na mimi sikuutaka. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama mtoto anayedai peremende. Nikayatoa, nikayaweka pale kiganjani. Akayaangalia. "Ni madogo hivi," akasema. Akayaweka kwenye kikombe cha chai kilichokuwa sakafuni.

Nikafumua nilichokuwa nimesuka. Nikachukua uzi, nikautafutia njia. Pengo la zamani lilikuwa la meno manne. Sasa majirani wake nao wameanguka, si pengo tena, ni lango. Lakini ulimi uliushika. Ulimi haukuwa umesahau. Nikaweka viganja vyote kichwani mwake, nikapapasa, nikafika kwenye kovu. Lilikuwa bado pale, laini, la ukubwa wa haragwe. Na nikasikia mtu anavumisha, kumbe ni mimi.

Mstari wa kwanza ulianzia chini ya kovu, ukalizunguka kwa mbali, ukapanda. Wa pili uliufuata, ukaacha nafasi katikati. Wa tatu ulitaka kushuka, nikauachilia, ukakata kona ukaenda zake utosini. Sikuwahi kuuona msuko huo popote. Binti yangu alikuwa amelegea kabisa, kichwa kimelala kwenye goti langu, nikadhani amesinzia, mpaka nikahisi goti linalowa.

Lakini vidole hivi si vile. Zamani kichwa kizima kingekuwa kimekwisha. Taxi ilipopiga honi langoni nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto tu, hadi katikati. Upande wa kulia ulikuwa umesimama, nywele wima, kama shamba ambalo jembe limeishia nusu.

"Fumua," nikamwambia. "Huko uwanja wa ndege watakucheka."

"Wacheke mdomo wazi," akasema. Akafunga kitambaa juu ya yote, nusu na nusu. Mkamwana alikuwa tayari na masanduku, dereva akahimiza habari ya foleni ya Waiyaki Way. Binti yangu alinikumbatia. Nilishika kichwa chake juu ya kitambaa, upande ule wa kulia, nikakishika mpaka dereva akapiga honi ya pili.

Juzi alipiga simu. Nilimwambia ainamishe kichwa, akainamisha, lakini picha ilikuwa inakatika katika, nikaona weusi na weupe tu. "Bado iko, mama. Inaanza kulegea. Sijaguza." Nikamuuliza atakuja lini. Akasema wataona, tiketi, kazi, magoti. Nikasema sawa.

Meno yako kwenye kikombe juu ya kabati, na Jumapili naenda kanisani bila hayo, nacheka na yeyote anayenichekesha. Asubuhi nayataja majina. Nikifika mwisho, pale ambapo la binti yangu lingeingia, nanyamaza, maana sheria ni sheria, na fundo la mwisho halijafungwa. Kisha nachukua uzi kwenye kopo, naupitisha penye pengo, nasuka shada la pembeni mwa mkeka wa mkamwana wangu, ambaye ameacha kuniuliza kama naomba. Upande wa kulia naujua sasa. Unaanzia nyuma ya sikio, chini kidogo, mahali ambapo hakuna kovu.