Generosa na Magodoro ya Bi Mwanaamina

Kule kijijini Titye, kabla Generosa hajawa mtu wa kutajwa mjini Kasulu, alijulikana kama yule binti wa Ildefonsi anayeanguka kwa makusudi. Sifa hiyo aliipata akiwa kidato cha tatu, likizo ya mwezi wa sita, baada ya binamu yake kumwonyesha kwenye simu video ya wanawake wa mashindano ya kimataifa wakiruka juu kwa mgongo. Wanakuja mbio kwa kupinda, wanapaa, wanalala chali hewani, ufito unabaki chini yao, halafu wanaangukia godoro kubwa kama chumba. Generosa aliitazama mpaka bando la binamu likaisha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba penye lundo la makapi ya maharage, akasimika miti miwili, akalaza bua la mtama juu yake, akaruka.

Baba yake alitoka ndani aliposikia kishindo.

"Umeteleza?"

"Hapana, baba. Nimeruka."

"Mbona umeangukia mgongo?"

"Ndivyo inavyorukwa siku hizi."

Mzee Ildefonsi alikuwa ameishi miaka hamsini na nane akitua kwa miguu, na hakuna aliyewahi kumpa medali kwa ajili hiyo. Alilitazama lundo, akamtazama mwanawe mwenye makapi mpaka masikioni, akasema makapi yale ni chakula cha mbuzi, akimaliza mambo ya kisasa ayarudishe yalivyokuwa.

Shuleni Kasulu, alikokuwa akilala hosteli, kulikuwa na kila kitu cha michezo isipokuwa vifaa. Mwalimu wa michezo alikuwa Lusajo, mtu wa Mbeya, aliyeletwa kufundisha Jiografia. Michezo alikabidhiwa na mkuu wa shule kwa sababu ya kitaalamu kabisa: alionekana Jumamosi moja amevaa raba. Kuhusu mruko wa juu alikuwa hajui lolote, ila alikuwa na moyo, na siku alipomwona Generosa akipita juu ya kamba na kuangukia rundo la majani yaliyofyekwa, alikwenda kuazima futi ya fundi cherehani. Akapima. Akapima tena. Mita moja na sentimita hamsini na tano.

"Generosa," alisema, "wewe unajua ulichokifanya?"

"Najua, mwalimu," alijibu Generosa, ambaye unyenyekevu haukuwahi kumsumbua.

Majani yakakauka, yakachomwa. Ndipo Generosa alipopata wazo la kutoa magodoro manane ya bweni na kuyapanga uwanjani, bila kumwambia mtu, mchana wa mwezi wa kumi na moja. Mvua ya Kasulu nayo haikuomba ruhusa. Usiku ule wasichana wanane walilala juu ya chaga tupu wakimtaja jina, na si kwa kumwombea. Matroni akampa adhabu ya kufua mashuka ya vitanda vyote, pamoja na katazo la kugusa godoro lolote isipokuwa lake, na hilo nalo kwa shughuli ya kulala tu.

Hapo ndipo Mwalimu Lusajo alipompeleka mjini kwa Bi Mwanaamina.

Bi Mwanaamina alikuwa mwanamke wa Pangani aliyeletwa Kasulu na ndoa na kubakizwa na biashara. Aliuza magodoro, mikeka na vyandarua, na kwa miaka kumi na sita malalamiko yake yalikuwa yale yale: watu wa huku wanalibonyeza godoro kwa kidole kimoja, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Walipofika, Generosa alimwamkia, shikamoo yake ikaitikiwa, na mwalimu akaeleza haja.

"Huyu mtoto anaruka, Bi Mwanaamina."

"Anaruka kwenda wapi?"

"Haendi popote. Anapita juu ya ufito, anaangukia godoro."

Bi Mwanaamina aliweka chini kikombe cha kahawa. "Akishaangukia, linarudi vizuri?"

"Nani, mtoto?"

"Godoro."

Wakakubaliana. Kila Jumamosi mchana, magodoro sita yangepangwa mbele ya duka yakiwa bado ndani ya nailoni zake, na Generosa angeruka apendavyo. Yeye angepata mazoezi. Bi Mwanaamina angepata ushahidi.

Jumamosi ya kwanza walisimama watu ishirini. Ya tatu, njia ilikuwa haipitiki, bodaboda zimezima injini, na Bi Mwanaamina ameshika kipaza sauti. "Kilo sitini na mbili hizo zinashuka, jamani! Tazameni kama limebonyea!" Generosa alikuwa anapaa, anatua, nailoni inalia, watu wanapiga makofi. Yeye alijua makofi ni ya nani. Siku moja mama mmoja alimsogelea, akamshika mkono kwa mapenzi makubwa, akauliza, "Mwanangu, hilo la chini kabisa ni inchi ngapi?" Hata hapo hakushtuka.

Mtoto akavimba. Akaanza kusema kama watangazaji wa redio za Dar, kila kitu ni noma, kila mtu ni mwana. Bwenini alitangaza kwamba vyuo vya ng'ambo vinachukua warukaji, vinawalisha na kuwavisha, na kwamba yeye tatizo lake litakuwa kuchagua nchi. Walipomuuliza nchi zipi, alijibu, "Zipo." Mbio za asubuhi aliziacha, akieleza kwamba wanariadha wakubwa hutunza mwili. Kitabu cha Baiolojia nacho alikitunza. Hakikuchakaa hata ukurasa.

Alipokuwa kidato cha nne, wiki tatu kabla ya mashindano ya shule za Kasulu na Kibondo, ililetwa barua. Mwalimu Lusajo alimsomea kivulini nje ya ofisi ya walimu. Mashindano yatafanyika Kibondo. Warukaji wa juu watatua kwenye mchanga. Kwa usalama wa washiriki, kuruka kwa mgongo ni marufuku. Kila mmoja atue kwa miguu.

"Kwa hiyo tuanze mkasi leo," alisema mwalimu. "Mguu mmoja, halafu mwingine, kama mtu anavuka uzio wa mbuzi."

"Mwalimu, huo ni mruko wa wazee."

"Ndio ulioandikwa humu."

"Wakiniona watabadilisha."

Wiki tatu mwalimu alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Generosa alijitokeza mazoezini mara mbili, zote akiwa na sababu ya kuondoka mapema. Siku ya safari alipanda gari akiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake uliotangulia.

Kibondo mchanga ulikuwepo kweli, umemwagwa kwa lori, na kando yake amesimama afisa mmoja mnene mwenye filimbi. Generosa alimwendea kabla ya wote.

"Shikamoo. Mimi naruka kwa mgongo."

"Marahaba. Leo huruki kwa mgongo."

"Lakini naruka mita moja hamsini na tano."

"Hongera. Uliiruka wapi?"

Generosa alishusha sauti. "Dukani."

Wale waliosikia walicheka, na wasiosikia waliambiwa, nao wakacheka kwa zamu yao. Mwalimu Lusajo akaanza kukagua kamba za viatu vyake kwa makini sana.

Walikuwa wasichana tisa. Ufito ulianzia mita moja na ishirini. Generosa alivuka, kwa mtindo ambao ulikuwa haujapata jina. Mita moja na ishirini na tano aliipata katika jaribio la tatu, tena ufito ulitikisika ukimfikiria. Mita moja na thelathini aliiangusha mara tatu, ya mwisho kwa makalio. Akawa wa saba. Aliyeshinda alikuwa Yusta, msichana mwembamba kutoka Mabamba, aliyevaa bukta ya kuazima iliyofungwa kiunoni kwa kipande cha kitenge. Alivuka mita moja na arobaini na mbili kama mtu anayeruka mfereji akiwa na haraka ya kwenda kisimani.

Generosa alikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Alijiandaa kulia kwa faragha, lakini Yusta akamfuata, ana muhindi wa kuchoma, akaukata vipande viwili na kumpa kile kikubwa.

"Kungekuwa na godoro," alisema Generosa bila kuupokea, "leo wewe usingeonekana."

"Ego," alikubali Yusta kwa Kiha. "Inawezekana."

Generosa alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mtu anapokubaliana nawe ghafla unakosa pa kushika. Generosa akauchukua muhindi.

"Mimi hilo godoro la kurukia sijawahi kuliona," aliendelea Yusta. "Ukishalala kule juu, macho unayaweka wapi?"

Generosa aliacha kutafuna. Miezi yote ya Jumamosi, mbele ya watu wote wale wa Kasulu, hakuna aliyewahi kumuuliza swali juu ya kuruka. Waliuliza inchi, waliuliza kama kuna la rangi ya bluu. Akaeleza. Macho yanafuata ufito, kidevu kinakuja kifuani mwishoni, ndipo miguu inapanda. Alieleza vibaya, akarudia, akasimama kuonyesha, na Yusta akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika.

"Na mbio unazianzia hatua ya ngapi?"

"Nakadiria tu."

Yusta alipangusa punje mdomoni. "Samahani. Mimi nilidhani leo ulikosea. Kumbe huwa huhesabu."

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililochoma. Generosa alitazama vidole vya miguu yake. Majibu yake ya kitangazaji aliyaweka kando. Mwishowe alisema, "Nifundishe."

Watu walipokuwa wanaelekea kwenye magari, wale wawili walirudi mchangani. Yusta alihesabu hatua saba kurudi nyuma, akaweka jiwe. Saba zile zile kila mara, akamwambia, hata ukiogopa, hata ukiwa na hasira. Generosa aliangusha, akaangusha, akavuka mita moja na thelathini na tano. Aliyepiga makofi ni Yusta na Mwalimu Lusajo, ambaye alikuwa amekuja kumwita kwamba gari linaondoka, akajikuta haiti.

Njiani kurudi, walipokwisha kupita vizuizi viwili vya barabarani, Generosa alihama kiti, akakaa karibu na Mwalimu Lusajo.

"Mwalimu, ulinisomea ile barua mapema."

"Nilikusomea."

"Nisamehe."

"Nami nisamehe," alisema Lusajo. "Mimi mwenyewe nilikuwa natarajia watabadilisha."

Kumbe Bi Mwanaamina hakuwa amesubiri matokeo. Jumatatu Generosa alipofika mjini alikuta juu ya mlango wa duka bango jipya, lenye picha yake akiwa hewani, na maandishi mekundu: BINGWA WA KIBONDO ANATUA HAPA. Alisimama chini yake akiwa na sare ya shule, watu wanampongeza, mmoja akataka kupiga naye picha.

"Bi Mwanaamina, sikushinda. Nilikuwa wa saba."

"Nimesikia, mwanangu. Pole sana."

"Basi litoe."

"Nilitoe? Tangu juzi nimeuza magodoro matano! Anayenunua godoro anataka kulala, hataki kujua ulikuwa wa ngapi."

"Yusta atalijua. Yule wa Mabamba, aliyeshinda. Siku akija Kasulu atalisoma."

"Akija nitampunguzia bei."

Mtoto yule yule aliyekuwa na nchi za kuchagua alikwenda kuazima kopo la rangi nyeupe na brashi kwa mchoraji wa vibao wa jirani, akapanda juu ya stuli, akapaka juu ya neno la kwanza. Bango likabaki WA KIBONDO ANATUA HAPA, jambo lililowafanya wasafiri kadhaa siku hiyo kuuliza kama hapo ni stendi. Bi Mwanaamina alimfukuza kwa ufagio mpaka kona, akamwambia asikanyage tena kwake na mwalimu wake pia. Jumamosi tatu hakukuwa na kuruka. Ya nne Bi Mwanaamina alituma mtu hosteli kusema magodoro yamepangwa, na yule mtovu wa adabu akichelewa atayakuta yameuzwa. Hawakulizungumza bango tena. Safari hii Generosa aliweka jiwe lake kwenye hatua ya saba kabla ya kuruka, na wateja wakalalamika kwamba siku hizi anachelewesha.

Mtihani wa kidato cha nne aliufanya baada ya kukifungua kitabu cha Baiolojia, ingawa kwa kuchelewa, na matokeo yalionyesha vyote viwili: daraja la tatu. Alirudi Titye kusubiri chuo. Ni wakati ambao kila jirani anakuuliza umechaguliwa wapi, na ukijibu bado, anakuangalia kwa furaha iliyovaa huruma. Mchana alilima na mama yake. Jioni watoto wa shule ya msingi walijaa nyuma ya nyumba, na Generosa akawa anawapanga mstari, akiwahesabisha hatua kwa Kiha na Kiswahili, akiwagombeza kwa maneno ya Mwalimu Lusajo neno kwa neno. Alikuwa mkali. Waliotaka kuruka kwa mgongo siku ya kwanza aliwaambia wajifunze kwanza kukimbia. Mzee Ildefonsi alilalamikia makapi yake kila siku, na mavuno yalipokuja, alileta lundo jingine bila kuombwa, akasema mbuzi wenyewe wamepungua.

Fomu ya chuo cha ualimu, upande wa michezo, aliijaza kwenye duka la intaneti Kasulu. Palikuwa na nafasi ya kuandika kiwango cha juu alichoruka katika mashindano. Yule kijana aliyekuwa anamchapia alisimama, vidole juu ya vitufe.

"Naweka moja hamsini na tano, si ndiyo? Mimi nilikuona kwa macho yangu."

"Weka moja ishirini na tano."

"Dada, hawatakuchukua."

"Weka."

Walimchukua. Si kwa sababu ya uaminifu wake, tusidanganyane. Mwaka ule waombaji wa michezo walikuwa wachache kuliko vitanda. Habari zilipofika Titye, wengi walimhurumia baba yake kwa kusomesha mtoto akawe mwalimu wa kuruka. Yusta alipigiwa simu, akacheka sana, akasema yeye anasubiri majibu ya uuguzi, na kwamba ameambiwa kule hakuna anayeuliza umeruka urefu gani.

Sasa Generosa yuko mwaka wa pili. Katika mashindano ya vyuo alivuka mita moja na arobaini na nane, akawa wa nne, na hakuna bango lililoandikwa. Mafunzo ya vitendo alipangiwa shule ya msingi yenye wanafunzi mia nane na mpira mmoja. Mwalimu mkuu alimpokea kwa furaha kubwa, akamsifu kwa kuchagua fani inayohitajika sana nchini, akamkabidhi vipindi kumi na sita vya Hisabati.