Shangazi Aftaw na Jina Lililo Kaburini

Shangazi yangu Aftaw alikuwa na kaburi katika mji wetu wa Halabja, Iraki, kwa miaka mingi huku akiwa hai, tena mkali. Siku ndege za serikali ya Iraki zilipoumwagia mji sumu mwaka 1988, alizimia, akavushwa mpaka na kupelekwa Iran. Baba yangu Burhan, mdogo wake, alimtafuta asimwone. Akaamini amekufa, akachongesha jina lake kwenye jiwe moja la kaburi na la Shler, binti wa shangazi wa miaka minne aliyekufa siku ile. Miaka miwili baadaye shangazi akarudi. Baba alipochukua patasi afute jina, shangazi akamzuia.

"Liache. Mtoto halali peke yake."

Basi likabaki. Shangazi alifuma viatu vyetu vyeupe vya uzi, akala kwa kadi ya baba ya mgao wa chakula, na kwa serikali, ambako baba alishaandikisha kifo chake, akabaki marehemu. Hakujali, mpaka 2017 ilipotangazwa kwamba sisi Wakurdi wa Iraki tutapiga kura ya kuwa na nchi yetu. Nikamsindikiza kwenda kujiandikisha.

"Mama, hapa imeandikwa ulishakufa," karani akasema.

"Basi kaa vizuri, mwanangu. Mzimu umekuja kujiandikisha."

Karani alicheka, lakini hakulegea: alete mashahidi wawili na, kwa kuwa Halabja nzima ililijua kaburi lile, picha ya jiwe lisilo na jina lake. Tukarudi nyumbani. Niliumia, maana nilijua anatakiwa kuchagua kati ya kura na jina lake kubaki kando ya mtoto.

Kesho yake asubuhi alipiga magoti makaburini na patasi mkononi. Baba akataka kumsaidia.

"Toa mkono wako, Burhan. Wewe ndiye uliyeniua, acha nijifufue mwenyewe."

Akafuta herufi moja moja, akimsemesha Shler kwa sauti ya chini, hadi jina la mtoto likabaki peke yake.

Septemba alivaa gauni lake la sherehe, akapiga kura ya ndiyo. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi tulisema ndiyo. Nchi hatukupewa. Viwanja vyetu vya ndege vilifungiwa safari za nje, na Oktoba jeshi la Baghdad likautwaa mji wa Kirkuk kutoka mikononi mwetu.

Baba alilia waziwazi. "Dada, tumekutoa kwa mtoto bure. Nikuchongee tena jina?"

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akifuma.

"Ukinichonga tena, watanifuta orodhani. Kura nyingine ikija, nani atasema ndiyo? Shler?"