Ngumi Iliyobaki Kiunoni

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Masama, mwanangu, migomba ikionekana nusu nusu, na mimi katikati yake, peku, nikipiga ngumi hewani. Usicheke. Huyu bibi anayetafuta miwani iliyo kichwani kwake aliwahi kucheza karate.

Kila Jumamosi Sensei Elia, fundi cherehani wa Moshi mjini, alipanda mpaka ukumbi wetu wa kijiji kutufundisha karate ya Kijapani kwa taratibu zake zote: unavua viatu, unainama kwa heshima, ndipo unaingia. Alipenda zaidi kata, ule mfululizo wa hatua na mapigo ambamo unapigana na mtu asiyekuwepo. Nikifanya kata nilikuwa kama naota. Mlima ulitokea, ukajificha tena, nami sina habari. Ila mtu wangu mimi alikuwepo. Nilikuwa naiona sura ya baba mdogo.

Baba yangu alipofariki, baba mdogo alianza kuyasogeza masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, kidogo kidogo kila msimu, akiimeza migomba ya mama. Mama alilia jikoni tu. Nami nikaapa moyoni kwamba nikiiva kwenye karate, nitampiga.

Sensei aliona. Siku moja baada ya mazoezi aliniuliza nampiga nani, nikamwambia yote. Akauliza, "Kata zetu zote zinaanza na nini?"

"Kuzuia, Sensei."

"Basi. Ukimpiga mzee wa ukoo, watamfukuza mama yako. Huyo anangoja ukasirike."

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Sisi watu wa mlimani mkizi hatumjui, lakini siku ile nilimjua: alikuwa mimi.

Masika hayajaisha, baba mdogo akaja na jembe. Nikamwamkia shikamoo, nikasimama kwenye masale. Akaniambia niondoke, sikuondoka. Akainua mpini. Mwanangu, kila kitu kikaenda polepole kama ndani ya maji: ukungu, mpini unashuka, mkono wangu wa kushoto unapanda wenyewe na kuuzuia. Wa kulia ulikuwa kiunoni, ngumi tayari, na kifua chake kiko wazi. Nilitaka, Mungu anisamehe, nilitaka sana. Ngumi ikabaki palepale. Majirani waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe waliona ni nani aliyeinua mkono.

Wazee wa ukoo walipokaa, hawakupata la kunishitaki. Masale yakarudishwa. Mama aliishi kwenye kihamba kile mpaka uzee wake, na humo ndimo tulimomzika, kando ya baba.

Kwa hiyo nenda kajifunze, mwanangu, hata hizo nguo nyeupe nitakufulia mimi. Lakini jua kwamba anayekuchokoza mara nyingi ameshapanga atakachofanya ukimpiga. Jikinge, simama kwenye haki yako, usirudi nyuma, ila usimpe sababu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na siku utakayotaka sana kupiga, akushikie mmoja.